Kazi ya Shuruti na Sheria Zake katika Pwani ya Rumonge

Kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, pwani ya Ziwa Tanganyika kutoka Rumonge kuelekea kaskazini ilitamaniwa sana na wafanyabiashara wa Ujiji, na mkubwa wao Muhammad bin Khalfan el-Barwani, aliyepewa lakabu ya Rumaliza, alijaribu kuitia chini ya amri yake, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, yakamzuia asiingie milimani. Katika biashara ile mwanadamu aliuzwa pamoja na pembe za ndovu, wala hapakuwa na waraka uliomtaka bwana athibitishe haki yake. Wadachi walileta waraka, nao ulikwenda kwa taratibu mno: amri ya 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905, ikawaacha wazazi wao kama walivyokuwa.

Mtindo huo wa kutangaza uhuru kisha kuuwekea mipaka haukuwa wa Wadachi peke yao. Huko Marekani, Badiliko la 13 la Katiba, la mwaka 1865, liliharamisha utumwa isipokuwa uwe adhabu ya mhalifu aliyehukumiwa, na kwa mwanya huo majimbo ya kusini yakawakodisha wafungwa kwa wenye mashamba na migodi kwa miaka mingi. Hata ile sheria mashuhuri ya 1938, iliyoweka kima cha chini cha mshahara na hatimaye wiki ya saa 40, iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa majumbani, ambao kusini wengi wao walikuwa watu weusi.

Wabelgiji, walioitwaa Usumbura mwaka 1916, walikabidhiwa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa, na hati ya Julai 1922 ikapiga marufuku kazi ya shuruti ya kila namna, ila kwa kazi za umma zisizoepukika, tena kwa ujira wa kutosha. Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyokula nguvu za watu: barabara zilichimbwa, miti ikapandwa, muhogo ukalimwa kwa amri, na tangu miaka ya 1930 kahawa nayo ikawa wajibu, huku kodi ikidaiwa na kiboko kikiwa karibu. Insafu yataka tukiri kwamba muhogo ulifaa siku za njaa. Lakini aliyeulima hakuulizwa.

Ndipo maelfu ya Warundi wakavuka kwenda Uganda na Tanganyika, wengine wakiwa manamba katika mashamba ya mkonge. Huko walikuta sheria ya mabwana na watumishi ya 1923, na kipande cha siku 30 za kazi, na mtu aliyeuacha mkataba wake alihesabiwa mhalifu wala si mdaiwa tu. Mkataba wa Geneva wa 1930 juu ya kazi ya shuruti nao haukukosa nafasi zake za kupumulia. Burundi iliuridhia mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru wake, ilhali Marekani haijauridhia hata leo.

Sheria za kazi za Burundi zilikuja baadaye, mwaka 1966, kisha 1993, kisha 2020, nazo kwa maandishi ni njema. Ila Rumonge ni nchi ya michikichi na ya mitumbwi: akwea mchikichi kibarua wa siku, avua ndagala mtu anayengoja fungu lake, na mwajiri mara nyingi ni mkulima mwenye shamba dogo, ambaye hajapata kuonana na mkaguzi wa kazi. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1988, faranga 160 kwa siku katika Bujumbura na Gitega, faranga 105 kwingineko, na zaidi ya miaka thelathini baadaye kilikuwa bado hakijabadilishwa. Kwa fedha hiyo hakuna mtu wa Rumonge atakayekubali kuukwea mchikichi, wala hakuna mwenye shamba atakayethubutu kumtajia bila kuona haya. Kwa hiyo ujira hupatanwa kwa mdomo, na sheria haimo katika mapatano hayo.