Muuguzi Kiongozi: Shahada Hii Itamfikisha Wapi Kijana Wetu?

Siku hizi si ajabu kusikia jamaa wa Kisauni au Likoni wamechanga pesa, pengine hata kiwanja kimeuzwa, ili kijana wao muuguzi akasome Marekani. Kabla karo haijalipwa, ni vyema kujua shahada yenyewe inampeleka wapi. Moja inayowachanganya wengi ni shahada ya uzamili ya muuguzi kiongozi, maarufu huko kwa herufi CNL.

Ilitokana na nini?

Mwaka 1999, ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kuwa makosa ya kitabibu huua kati ya watu 44,000 na 98,000 hospitalini kila mwaka. Mgonjwa alipita mikono mingi, na hakuna aliyeunganisha kazi zao. Miaka michache baadaye, muungano wa vyuo vya uuguzi nchini humo (AACN) ukabuni cheo hiki.

Kazi yake

CNL habanduki wodini. Huwaleta pamoja madaktari, wafamasia na wauguzi, hufuatilia takwimu za maambukizi na za wagonjwa wanaoanguka au kurudi hospitalini, kisha hurekebisha utaratibu wa kazi. Si meneja wa kupanga zamu na bajeti, wala si bingwa wa maradhi ya aina moja.

Nafasi za ajira

Hospitali za maveterani zilikuwa miongoni mwa waajiri wa mwanzo kukikubali cheo hiki. Kwengineko wenye shahada hii huajiriwa katika ubora wa huduma, usalama wa wagonjwa, uratibu wa matibabu au ualimu.

Hapa ndipo pa kutahadhari. Si kila hospitali ina cheo cha CNL. Mtu aweza kuhitimu, akafaulu mtihani wa cheti chake, kisha akarudi kwenye zamu zile zile za zamani. Pia leseni yake hubaki ya muuguzi wa kawaida: shahada hii haimpi ruhusa ya kuandikia wagonjwa dawa. Anayetaka kutibu na kuandika dawa ana njia nyengine, ya uuguzi wa tiba, na akibadili nia baadaye atarudi darasani na kulipa karo upya.

Vilevile muuguzi kutoka Kenya hana budi kupata leseni ya jimbo kwanza, kwa kufaulu mtihani wa NCLEX. Na kama nia ni kurudi nyumbani, aulize mapema Baraza la Wauguzi la Kenya na kaunti yake shahada hiyo itatambuliwa vipi. Asidhani itampandisha cheo yenyewe.

Mwenye moyo wa kutengeneza wodi nzima, shahada hii yamfaa. Lakini kwanza atafute hospitali za mji anaokwenda, aulize ni ngapi zinaajiri CNL kwa jina hilo. Kuuliza si ujinga, na kiwanja kikishauzwa hakirudi.