Muhogo, mishipa ya fahamu na miguu iliyofungwa: historia ya konzo

Leo nataka tuongee juu ya ubongo. Mutashangaa: agronomu anatafuta nini mu ubongo ya watu? Ngojeni kidogo, nitaanzia ku shamba.

Kambo yangu alikuwa na sheria moja ku shamba letu hapa Kasungami: mutoto asing'ate muhogo mubichi bila kumuuliza. «Ile ya karibu na nyumba, kula. Ile ya kule haiko ya kula mubichi, ile ni ya bunga.» Nikimuuliza juu ya nini, alijibu: «Iko na uchungu.» Musomo wake uliishia pale.

Kiisha nikasoma agronomi. Tulifundishwa kwamba muhogo muchungu unavumilia ukame na udongo uliochoka, na wanyama waharibifu hawaupendi sana. Nilijibu vizuri ku egzame. Nilipotoka ku iniversite niligawia jirani zetu miti ya muhogo muchungu, sababu bei ya bunga ya mahindi hapa Lubumbashi inapanda kila mara mahindi ya Zambia yakikosa kuvuka mupaka. Nilikuwa na furaha sana ya kusaidia.

Mu mwezi wa kwanza wa mwaka mumoja, wakati mahindi ingali mabichi ku shamba na ndani ya nyumba hakuna kitu, mama mumoja jirani alikuja kunibishia mulango asubuhi. «Agronomu, ile muhogo yako inazungusha kichwa. Mutoto ametapika usiku muzima.» Nikamuuliza aliiloweka siku ngapi. «Usiku moja tu. Tungekula nini?» Mutoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini mimi nilibaki na haya. Nilimupa yule mama miti, sikumupa maneno. Njo nikaanza kusoma, na nikakuta historia ambayo ni ya inchi yetu wenyewe.

Muhogo haukuzaliwa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno waliuleta ku pwani ya Kongo mu karne ya 16. Ulipoingia ndani ya bara, pamoja nao ilipaswa kuingia pia kazi ya kuutengeneza: kumenya, kuloweka, kukausha, kutwanga. Bamama waliijifunza kazi hiyo na kuipitisha toka mukubwa mpaka mudogo. Pale ambapo ilifuatwa, watu walikula bila shida. Pale ambapo njaa au haraka iliifupisha, miguu ya watu ililipa.

Mwaka wa 1938, mu Kongo ya Wabelgiji, munganga Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa uliokuwa unapiga watu wa Kwango. Mutu analala muzima, na mara moja au ndani ya siku chache tu miguu yake miwili inakuwa migumu. Wayaka wa kule walikuwa wanaujua, na waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Jina hilo la Kiyaka njo dunia yote inatumia mpaka leo mu vitabu vya udaktari.

Juu ya nini miguu inakuwa migumu, haikuwi milegevu? Hapa lazima tujue namna mwili unavyopanga kazi. Kuko ubongo ndani ya fuvu, kuko ugwe wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mugongo, na kuko mishipa ya fahamu inayotoka pale na kusambaa mwili muzima. Ubongo mukubwa ulio juu unafikiri, unakumbuka, unaona, na unatoa amri ya kutembea. Ubongo mudogo wa nyuma unasawazisha mwendo. Shina la ubongo, chini yake, linatunza pumzi na mapigo ya moyo.

Amri ya kutembea inapita kwa nironi mbili. Fikirini umeme wa kartiye: kuko laini kubwa inayoleta umeme mpaka ku kabini, na kuko waya mudogo unaotoka ku kabini kuingia mu nyumba. Nironi ya juu inatoka ku ubongo mpaka ku ugwe wa mugongo. Ile njo laini kubwa. Nironi ya chini inatoka ku ugwe mpaka ku musuli. Ule njo waya wa nyumba.

Polio inaharibu nironi ya chini. Musuli haupati kitu tena, muguu unalegea na kukonda. Konzo inaharibu nironi ya juu. Musuli ungali unapata amri kutoka ku ugwe, lakini mukubwa aliyekuwa anatuliza mambo hayuko tena. Basi musuli unajikaza ovyo, na munganga akigonga goti na nyundo, muguu unaruka kupita kiasi. Njo sababu mugonjwa wa konzo anatembea ku vidole, magoti yanagongana, na wengine wanahitaji fimbo moja ao mbili. Wengine hawatembei tena kabisa. Haiendelei kuongezeka, lakini haiponi. Inapiga zaidi watoto na bamama walio mu umri wa kuzaa.

Kwa miaka mingi wanganga walijiuliza kama ni ambukizo, maana ugonjwa ulipiga watu wa kijiji kimoja na wa nyumba moja. Jibu lilianza kuonekana vizuri nje ya inchi yetu. Mwaka wa 1981, kulikuwa ukame mukali mu jimbo la Nampula, kaskazini mwa Musumbiji. Muhogo muchungu njo ulibaki ku mashamba. Watu zaidi ya 1000 walifungwa miguu; kule waliuita mantakassa. Kati ya wanganga waliochunguza alikuwa Hans Rosling, Muswidi aliyefanya kazi ku Nacala. Mwaka wa 1985 ikawa zamu ya Tarime, kaskazini mwa Tanzania: ukame tena, muhogo muchungu tena, na wagonjwa 39 wakahesabiwa.

Ku Zaire yetu, sababu haikuwa ukame tu. Mu eneo la Bandundu, barabara ya lami iliyounganisha vijiji na Kinshasa iligeuza muhogo kuwa biashara. Wanunuzi walikuja na malori, na muhogo ukatakiwa haraka. Bamama waliokuwa wanaloweka siku tatu wakaanza kuloweka siku moja. Thorkild Tylleskär, Jean-Pierre Banea na wenzao waliandika jambo hili mwaka wa 1992. Mimi niliposoma pale nilifunga telefone kidogo. Sisi watu wa agronomi tunaimba kila siku: barabara, soko, mavuno. Ni vizuri. Lakini hapa barabara ilifika, na usalama wa chakula ukapungua.

Kemia yake haiko ngumu. Ndani ya muhogo kuko kitu kinaitwa linamarini. Kando yake kuko kimeng'enya, linamarasi. Muhogo ukiwa muzima, vitu hivi viwili havikutani. Ukiuloweka mpaka ulainike, ao ukiutwanga, vinakutana, linamarini inavunjika, na sayanide inatoka kama gesi ao inaenda na maji. Ndiyo maana kuchemsha muhogo muchungu muzima haitoshi: moto unaua kimeng'enya mbele hakijamaliza kazi. Na ndiyo maana sombe, tunayoitwanga kwanza kisha tunaichemsha sana, haituletei matatizo.

Sayanide ikiingia mwilini inazuia seli kutumia oksijeni. Mwili unajitetea: unaigeuza kuwa kitu kisicho na hatari kubwa, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka ku protini. Mutu anayekula bukari yake na samaki, maharagi ao nyama anajitetea. Mutu anayekula bukari ya muhogo muchungu kila siku, bila mboga ya maana, hana silaha. Kwa hiyo konzo ni ugonjwa wa umasikini mbele ya kuwa ugonjwa wa muhogo.

Kuko jambo lingine, na hili njo linanisumbua zaidi. Mu territware ya Kahemba, Kwango, watafiti pamoja na Désiré Tshala-Katumbay, Mukongomani mwenzetu wa elimu ya mishipa ya fahamu, walipima watoto. Matokeo yalitoka mwaka wa 2013. Watoto wenye konzo walikuwa na shida pia mu kukumbuka na mu kujifunza. Hata watoto wa nyumba zile zile ambao miguu yao ilikuwa mizima hawakufanya sawa na wenzao wa kijiji kisicho na konzo. Maana yake, mutoto anaweza kutembea vizuri mpaka ku masomo, na mwalimu anamuita mujinga, kumbe ni sahani yake.

Habari njema iko pia. Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, alionyesha njia rahisi kwa bunga ambalo limekwisha kutwangwa. Unalichanganya na maji, unalitandaza jembamba ku kitanga, lisipite santimeta 1. Unaliacha saa 2 juani, ao saa 5 kivulini. Gesi inatoka. Kiisha unapika bukari siku ile ile. Toka mwaka wa 2010 Banea na wenzake waliifundisha kwa bamama wa kijiji cha Kay Kalenda, territware ya Popokabaka. Muda wote wa kazi ile hakukutokea mugonjwa mupya wa konzo. Kitanga, maji na jua, basi.

Mimi sikuona konzo hapa Kasungami, na sitaki kutisha mutu. Lakini kila mwaka bunga la Zambia likipanda bei, nyumba nyingi zinachanganya muhogo, na njaa haina subira ya siku tatu. Nilirudi kwa yule mama na kitanga. Tulitandaza bunga pamoja, na yeye alinichekesha: «Kumbe kambo yako alisema iko na uchungu, na wewe ulienda ku iniversite miaka yote ile kujua ni uchungu gani.»

Ni kweli. Kwa hiyo ninawaomba, hasa ninyi wa agronomi: mukigawa miti ya muhogo, gaweni na siku tatu za maji pamoja. Na ninyi wa udaktari, mukipokea mutoto wa miguu migumu, muulizeni mama yake walikula nini, na waliloweka siku ngapi.