Nyani, kima na mirungi: historia fupi ya vichangamshi maabara

Kama uliwahi kusafiri kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kabla ya Juni 2025, basi Kigongo unaijua. Unafika, unakuta foleni, unasubiri kivuko cha kwenda Busisi. Ikiwa ni usiku, umezungukwa na malori na madereva wanaopigana na usingizi. Huyu ana kahawa, yule ana kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, na maneno ya pale kando ya barabara ni kwamba wapo wanaotafuna mirungi kwa kujificha. Wanajificha kwa sababu kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 mirungi ni dawa ya kulevya. Vuka mpaka wa Sirari uingie Kenya: majani yaleyale yanaitwa miraa, na yanauzwa mchana kweupe.

Leo daraja lipo, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Lakini swali halijavuka: hayo majani yanamfanya nini mtu hasa? Utashangaa kujua kwamba sehemu kubwa ya jibu ilitafutwa kwa kima na nyani. Hebu twende taratibu.

Tuanze mbali na majani. Mwaka 1887, mkemia wa Kiromania aitwaye Lazăr Edeleanu alitengeneza amfetamini akiwa Berlin. Hakuna aliyejua ina kazi gani. Ikakaa kabatini miaka kama arobaini hivi, mpaka Gordon Alles wa Marekani alipoichunguza upya na kugundua kwamba inaamsha mwili na akili. Miaka ya 1930 ikauzwa kwa jina la Benzedrine, dawa ya kuvuta puani ukiwa na mafua. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, wanajeshi wa pande zote mbili wakapewa vidonge vya jamii hiyo ili wasisinzie. Unaona? Shida ilikuwa ileile ya dereva wa Kigongo: usiku mrefu, na kazi haisubiri.

Turudi kwenye mirungi. Mwaka 1930 wanakemia walishapata ndani yake kemikali iitwayo kathini. Tatizo ni kwamba kathini ni dhaifu, haielezi kwa nini mtafunaji anachangamka vile. Jibu lilikuja mwaka 1975, pale maabara ya Umoja wa Mataifa ilipochunguza majani mabichi na kupata kathinoni. Kumbe majani yakikauka, kathinoni inavunjika na kuwa vitu dhaifu zaidi, kathini ikiwamo! Waliopima majani makavu walikuwa wanapima mabaki. Mfanyabiashara wa Meru hakuhitaji maabara kulijua hilo. Ndiyo maana anafunga miraa kwa majani ya mgomba na kukimbiza gari.

Ukizichora molekuli mbili hizi, kathinoni na amfetamini zinafanana kama ndugu: atomu moja ya oksijeni imechukua nafasi ya mbili za hidrojeni, basi. Je, na tabia zinafanana? Hapo ndipo kima wanaingia.

Mwaka 1969, Deneau, Yanagita na Seevers wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio lililobadilisha fani hii. Kima aliwekewa mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, na mbele yake kitufe. Akibonyeza, dawa inaingia. Hakuna anayemlazimisha. Kima walijidunga kokeini, amfetamini, mofini, hata kafeini. Lakini maji ya chumvi hawakuyataka, na meskalini pia waliikataa. Maana yake kima hakubonyeza kwa kucheza tu, alikuwa anachagua. Na kwa kokeini na amfetamini alichagua vibaya: alibonyeza mfululizo, akaacha kula, akaishiwa nguvu, akapumzika, akaanza tena. Wapo waliokufa.

Kathinoni ilipofika kwenye kitufe hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Johanson na Schuster waliilinganisha na amfetamini. Kima wakaibonyezea. Katika muongo huohuo kathinoni ikaingizwa kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971. Jani lenyewe halikuingizwa; kila nchi ikaachiwa iamue. Ndiyo maana Sirari ina pande mbili.

Sasa msomaji, simama hapa kidogo. Kima alipata kathinoni tupu, moja kwa moja kwenye damu, ndani ya sekunde. Mtafunaji anaipata kidogo kidogo kwa saa kadhaa, taya zikifanya kazi. Kasi ya dawa kufika kwenye ubongo ni sehemu kubwa ya nguvu yake ya kukamata mtu. Kwa hiyo jaribio lile linatuambia mengi kuhusu unga wa kutengenezwa unaouzwa mijini, na machache zaidi kuhusu jani. Huku kwetu watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani ya Kenya, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, walifanya jambo lililo karibu zaidi na hali halisi: waliwapa miraa nyani wa Afrika Mashariki, Papio anubis. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha testosteroni ikipanda, prolaktini na kotisoli zikishuka. Hizo ni homoni, bado si tabia, lakini angalau lilikuwa jani lenyewe.

Na maabara nayo hukosea. Mwaka 2002 jarida la Science lilichapisha utafiti wa George Ricaurte na wenzake: dozi chache za ekstasi, kama anazomeza kijana kwenye muziki kwa usiku mmoja, ziliharibu mfumo wa dopamini wa nyani na kima. Wanyama wawili kati ya kumi walikufa. Magazeti yakavuma. Mwaka mmoja baadaye waandishi wenyewe wakaifuta makala: chupa ilikuwa na lebo isiyo yake. Wanyama wale walikuwa wamepewa methamfetamini! Uhai wa wanyama ulikwenda, hofu ilishasambaa, kwa sababu ya lebo.

Jaribio ninalolikumbuka zaidi ni jingine la mwaka 2002, la Morgan, Nader na wenzao. Kima ishirini walioishi kila mmoja peke yake waliwekwa katika vikundi vya wanne wanne. Waliopanda cheo kwenye kikundi, vipokezi vya dopamini aina ya D2 viliongezeka kwenye ubongo wao, na walipopewa kitufe cha kokeini hawakukishikilia sana. Waliokuwa chini, wanaoonewa, ndio waliojidunga zaidi. Dawa ni ileile, kitufe ni kilekile. Kilichotofautiana ni maisha ndani ya kibanda.

Ukilisoma la 1969 pamoja na hili, unaona kwamba kwenye lile la kwanza kima alikuwa na kitufe na ukuta. Kwa hiyo mtu akikuambia "sayansi imethibitisha" kuhusu mirungi, muulize mambo matatu: ni jani au ni unga, limeingia mwilini kwa njia gani, na mnyama aliishije? Sheria ya nchi ni sheria, na usukani hauhitaji kichangamshi, unahitaji usingizi. Ila siku nyingine ukipita darajani Kigongo usiku ukaliona lori limeegeshwa na dereva amelala, usimpigie honi. Huyo amepata kile ambacho amfetamini, kathinoni na kokeini zote hazijawahi kumpa mtu.