Wazee wetu waliovuka bahari na kunyamaza



Katika parokia zetu hakuna mwezi unaopita bila kuzika mzee. Tunasali, tunaandika jina lake katika kitabu cha wafu, kisha jamaa wanarudi nyumbani kugawanya nguo na vyombo. Mara nyingi ni saa ile ndipo wanapoona kitu wasichokijua: medali yenye kutu, picha ya kijana mwenye kaptula na kofia ya askari, karatasi yenye mihuri ya Kiingereza. Watoto wanaulizana: «Baba alifika wapi?» Hakuna wa kujibu, maana aliyejua amekwisha kulala kaburini.

Nataka kueleza habari za wazee wa namna hiyo: Wakongo waliokwenda kuuguza majeruhi hata Birmania katika vita ya 1940-1945. Nitaeleza pia juu ya merikebu moja iliyozamishwa katika Bahari ya Hindi. Tena nitaonyesha namna gani vitabu vya parokia vinaweza kusema mahali mzee aliponyamaza.

I. Vita iliyotufikia

Tarehe 28 Mei 1940 jeshi la Ubelgiji lilijitoa mikononi mwa Wadachi. Watu wengi walifikiri ya kwamba Kongo nayo itakaa kimya. Lakini Guverneri Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo upande wa Wangereza. Toka siku ile vita ikawa yetu pia, ingawa hatukuulizwa.

Mali ya nchi ilikwenda vitani kwanza: shaba, bati, mpira, tena ule uranium wa Shinkolobwe ulioingia katika mabomu ya mwaka 1945. Watu wa vijijini walilipa kwa jasho; mwaka 1942 siku za kazi ya lazima zilifikishwa 120 kwa mwaka. Wengine walilipa kwa damu: mwezi wa Desemba 1941, huko Elisabethville, wafanyakazi waliodai kuongezewa mshahara walipigwa risasi.

Askari wa Force Publique walitumwa Abisinia kupigana na Waitalia. Walitwaa Asosa mwezi wa Machi 1941, kisha Gambela. Tarehe 3 Julai 1941, huko Saio, Jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert pamoja na majenerali wenzake na maelfu ya askari. Askari wetu wengi waliokufa katika safari ile waliuawa na njaa na magonjwa zaidi kuliko na risasi. Neno hili tulishike, kwani linatuonyesha sababu gani katika vita ile muuguzi alikuwa mtu mkubwa sawasawa na mpiga bunduki.

II. Hospitali ya Wakongo

Shuleni habari za Saio zimefundishwa mara nyingi, lakini habari za hospitali hazijulikani sana. Force Publique iliwapa Wangereza hospitali moja ya vita, yenye namba 10. Ndani yake walikuwa Wakongo karibu 350 na Wabelgiji karibu 20. Hospitali ile ilitumika Somalia, kisha Madagaska, na mwishowe ikavuka bahari kwenda Birmania, nchi inayoitwa leo Myanmar.

Kazi yake ilikuwa hii. Majeruhi anaondolewa mahali pa mapigano juu ya machela. Analetwa katika hema. Damu inazuiwa, kidonda kinaoshwa, mfupa unafungwa, mwenye kuhitaji kisu anapasuliwa. Mwenye kuweza kusafiri anapelekwa nyuma kwenye hospitali kubwa. Asiyeweza anauguzwa pale pale, ao anashikwa mkono mpaka anapokata roho. Hospitali ya namna hiyo haikai mahali pamoja. Jeshi likisonga mbele, mahema yanang'olewa, masanduku yanabebwa, na kazi inaanza upya mahali pengine.

Huko Birmania hospitali ya Wakongo ilifuatana na Divizio ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Askari wa divizio ile walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwezi wa Agosti 1944, katikati ya mvua kubwa, walianza kushuka bonde la Kabaw wakiwafuata Wajaponi. Bonde lile liliogopwa sana kwa malaria na homa ya tifusi. Matope yalimeza motokari, na mahali pengi njia haikupitika ila kwa miguu. Mwanzoni mwa Desemba 1944 divizio ilifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambapo wajenzi wa jeshi walitengeneza daraja la chuma lenye urefu wa meta 350 na zaidi.

Fikirini basi majeruhi wa Tanganyika anayeletwa usiku katika hema, mbali sana na kwao, naye anasikia mtu anamwuliza kwa Kiswahili: «Ndugu, unaumwa wapi?» Katika Force Publique amri zilitolewa kwa Kifaransa na Lingala, lakini vijana waliotoka Katanga, Kivu na Maniema walikuja na Kiswahili chao. Katika jeshi la Afrika ya Mashariki Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Lugha ile ile tunayohubiria Injili ilikuwa dawa ya kwanza katika mahema yale.

III. Tarehe 12 Februari

Mmoja wa wauguzi wale alikuwa babu yangu, mzaa baba. Alikufa mwaka 2004, mimi nikiwa katika seminari ndogo. Kwetu alijulikana kama mlinzi wa dispensari ya misioni na mkristu wa Misa ya asubuhi. Watu walimcheka kidogo kwa sababu alichemsha maji yote, hata ya kunawa. Tena alipopanda mashua ya ziwani hakukubali kuketi ndani. Alisimama karibu na ukingo mpaka ng'ambo, jua ao mvua. Juu ya vita hakusema neno.

Katika sanduku lake zilionekana medali moja, kitabu kidogo cha askari, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kitabu kilitaja Madagaska na Birmania. Karatasi ilikuwa na jina la rafiki mmoja wa Tanganyika, na chini yake maneno mawili: «askari mizinga». Hapakuwa na kitu kingine.

Nilipokwisha kupata upadri nilifungua vitabu vya parokia yake. Katika *status animarum* mtoto wake wa kwanza alibatizwa mwaka 1940, na wa pili mwaka 1947. Pengo la miaka saba katika nyumba ya vijana wawili wenye afya ni ushuhuda. Kisha nikachukua daftari za nia za Misa. Kila mwaka, tarehe 12 Februari, babu alileta sadaka ya Misa ya wafu, na katekista aliandika nia ile ile: «Kwa wale wa baharini.» Ndugu zangu wote walidhani ni wavuvi waliozama ziwani.

Sasa sikieni mambo yaliyotokea tarehe 12 Februari 1944. Merikebu tano zenye kubeba askari zilikuwa zimetoka Mombasa kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, zikilindwa na manowari za Wangereza. Moja iliitwa *Khedive Ismail*. Ndani yake walikuwa watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika ya Mashariki. Tena walikuwamo mabaharia na wauguzi wanawake. Mchana, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Wajaponi yenye kwenda chini ya maji, jina lake *I-27*, iliipiga kwa torpedo mbili. *Khedive Ismail* ilizama katika dakika mbili hivi. Askari waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Waliokufa ni 1,297. Waliopona ni 214 tu, na kati yao wanawake sita.

Manowari *Paladin* na *Petard* zilirudi kuitafuta *I-27*. Ilikuwa imejificha chini, karibu na mahali walipokuwa wakiogelea wale waliopona. Kuitupia mabomu ya kulipuka ndani ya maji ni kuwaua baadhi ya ndugu wanaoomba msaada. Kuiacha ni kuzitia hatarini merikebu nyingine nne zenye maelfu ya watu. Mabomu yalitupwa. *I-27* ilipanda juu, na mwishowe *Petard* iliivunja kwa torpedo. Mabaharia wake nao, karibu wote, walikufa ndani yake.

Ninyi mnaosoma teolojia ya maadili mnajua sura inayosema juu ya tendo lenye matokeo mawili, jema na baya. Someni tena sura ile huku mkiwaza wale watu wenye kuogelea. Mtaona ya kwamba mfano wa kitabuni una pumzi na jina la mama yake. Sitaki kumhukumu kapiteni aliyetoa amri. Nasema tu kwamba padri anayeungamisha askari wa zamani asiwe mwepesi wa kusema: «Hiyo si kitu.»

Karatasi ya babu haisemi ya kwamba rafiki yake alikuwa ndani ya *Khedive Ismail*. Lakini tarehe ni ile ile, kazi ya mizinga ni ile ile, na nia ya Misa ni wazi. Mimi naamini, na jamaa yetu sasa inaamini pamoja nami.

IV. Sababu gani walinyamaza?

Naona sababu tatu.

Ya kwanza, walikatazwa. Wakati wa vita habari za merikebu zilikuwa siri, na askari alifundishwa kufunga kinywa. Kinywa kilichofungwa miaka mitano hakifunguki kwa urahisi siku ya amani.

Ya pili, hawakupata mtu wa kuwasikiliza. Mtu aliyefunga vidonda vya Mwafrika na Mzungu katika hema moja alirudi Kongo akakuta kila kitu mahali pake pa zamani: mtaa wa Wazungu huku, mtaa wa weusi kule. Kuwaambia wakubwa wa siku zile mambo aliyoyaona ilikuwa kujitafutia taabu. Baada ya uhuru wa 1960, wengine waliitazama medali ya Mbelgiji kama alama ya utumwa. Basi aliificha mara mbili. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimpa nishani, huko Kinshasa, mzee Albert Kunyuku, aliyetumika Birmania, akiwa na umri wa miaka 100. Heshima ile ilistahili, lakini wenzake walikuwa wamekwisha kwenda, wengi bila kuulizwa neno.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasimulia kando ya moto, mbele ya wajukuu. Anaweza kuyapeleka mbele ya Mungu tu. Babu hakukosa maneno. Maneno yake aliyaweka altareni, mara moja kwa mwaka, kwa sadaka ndogo ya mlinzi.

V. Kazi iliyo mbele yetu

Wasomaji wataniuliza: «Wazee wa vita ile wamekwisha kufa, tufanye nini?» Yako mambo tunayoweza.

Makatekista, jamaa wakiwaletea karatasi za marehemu, msiache zichomwe pamoja na nguo kuukuu. Andikeni tarehe, mahali na namba zilizomo, hata kama hamzifahamu; mwingine atazifahamu. Ulizeni wajane na watoto juu ya desturi zisizoeleweka: mzee aliyeogopa mashua, mzee aliyefunga siku moja kila mwaka, mzee aliyetaja rafiki wa nchi ya mbali.

Ndugu waseminari, katika likizo ombeni ruhusa ya paroko mfungue *status animarum* na vitabu vya ubatizo, ndoa na wafu. Tazameni pengo la miaka. Tafuteni ubatizo uliotolewa kambini, ao ndoa iliyoahirishwa. Lakini mshike adabu: si kila siri iliyo kitabuni ni ya kutangazwa. Habari ya mtu itoke kwanza kwa jamaa yake, na jamaa wakikataa, iishie hapo.

Na sisi mapadri, tutunze daftari za nia za Misa. Wengine huzitupa mwaka ukiisha na hesabu ikikamilika. Bila zile za parokia ya babu, siku ya 12 Februari ingebaki siku kama nyingine.

Hata leo nchi yetu ina watu wengi waliorudi kutoka vitani, wengine vijana kabisa, nao wanakaa kimya katika viti vya nyuma kanisani. Tusiwalazimishe kusema. Lakini mmoja akija na sadaka ya Misa kwa watu asiotaka kuwataja, tuipokee, tuiandike vizuri pamoja na tarehe, na tusome Misa ile kwa moyo wote. Yeye anajua anayemwombea, na Mungu anawajua wote kwa majina.