Flavonoidi na Saratani ya Utumbo Mpana

Flavonoidi ni jamii kubwa ya kemikali za mimea, ambazo huyatia maua na matunda rangi na kuyakinga majani na ukali wa jua. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alidhani amepata ndani yake vitamini mpya, akaiita P. Dhana hiyo haikudumu, walakini kemikali zenyewe hazikuacha kuwashughulisha wataalamu, hasa wanaochunguza saratani ya utumbo mpana na puru, maradhi yaliyokadiriwa kuua watu wapatao 900,000 duniani mwaka 2022.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga nchini Tanzania, kwa Wazigua na Wasambaa, kitoweo cha ugali aghalabu ni mboga za majani, nazo zina flavonoidi kwa wingi pasipo mtu kuzitafuta. Mchicha na kisamvu vina rutini. Majani ya kunde na mnavu yana kwersetini na kemferoli zilizofungamana na sukari. Machungwa, ambayo ni fahari ya mkoa mzima wa Tanga, yana hesperidini, lakini sehemu yake kubwa hukaa katika nyama nyeupe chini ya ganda na katika ngozi za vipande, yaani makapi yale yale ambayo mlaji huyatupa akiisha kufyonza maji. Hasara hiyo yasikitisha, kwani kuyala hakugharimu kitu. Mboga ya mchunga nayo hutokoswa na maji yake kumwagwa ili uchungu upungue, na kwa kuwa flavonoidi zenye sukari huyeyuka majini, sehemu yake huenda na maji hayo, ijapokuwa uchungu wenyewe si kipimo cha flavonoidi.

Rutini na hesperidini hazisharabiwi kwa urahisi katika utumbo mwembamba. Hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzivua sukari na kuzivunjavunja, hata ukuta wa utumbo ukakutana nazo kwa kiasi kisichofika kamwe katika damu. Na hii ndiyo sababu yenye nguvu ya kuzitazamia manufaa mahali hapo kuliko penginepo. Katika maabara, kwersetini, yaani rutini iliyokwisha kuvuliwa sukari, huzizuia seli za saratani zisigawanyike, huzisukuma zijiangamize, na hupunguza kimeng'enya kiitwacho COX-2, ambacho huuchochea uvimbe.

Hata hivyo, vipimo vya maabara aghalabu hupita mno vile vya chakula, na tafiti zilizofuata watu kwa miaka mingi zimetoa majibu yasiyolingana. Kwa hiyo mtu aonaye damu katika choo chake sharti aende kwa tabibu upesi, wala asingojee mboga imponye. Matibabu ya mionzi na dawa za saratani hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Wala flavonoidi si kitu pekee katika mboga kilichodhaniwa kuukinga utumbo. Denis Burkitt, tabibu mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, alishikilia katika makala yake ya 1971 kwamba Waafrika wa vijijini waliugua saratani hii kwa nadra kwa sababu ya nyuzinyuzi za chakula chao. Yamkini alisema kweli. Lakini jani la kunde huingia tumboni na nyuzinyuzi, foleti na flavonoidi kwa pamoja, na polipu, yaani kinyama kiotacho katika ukuta wa utumbo, huchukua aghalabu miaka kumi au zaidi kugeuka saratani, muda ambao ni vigumu mno kumlisha mwanadamu kimojawapo na kumnyima vingine.