Maumivu ya nyonga wakati wa mimba: namna ya kuyapunguza, na dalili ambazo hazingoji

Katika vikundi vya wamama tunasikia mara kwa mara malalamiko ya namna moja. Mama mwenye mimba ya miezi sita au saba anasema hawezi tena kugeuka kitandani bila kukaza meno. Akisimama kwa mguu mmoja ili avae, anasikia kama kisu mbele, chini ya tumbo. Akirudi kutoka kisimani na bidoni ya maji, anatembea akiyumba kama bata, na watu wanamcheka. Nyumbani anajibiwa: "Mimba si ugonjwa. Sisi tulilima mpaka siku ya kuzaa." Basi ananyamaza.

Ni kweli, mimba si ugonjwa. Lakini maumivu haya yanajulikana na waganga, yana sababu, na yanaweza kupunguzwa. Karibu mama mmoja kati ya watano wenye mimba huyapata. Tunaandika kwa ajili yake, na pia kwa mume wake, mama mkwe wake na wote wanaokaa naye, kwa sababu sehemu kubwa ya msaada iko mikononi mwao.

Maumivu yanatoka wapi?

Nyonga ni kama duara la mifupa linalobeba uzito wote wa mwili wa juu na kuupeleka kwenye miguu. Duara hilo lina viungo vitatu: kimoja mbele, kwenye mfupa wa kinena, na viwili nyuma, pale mgongo unapokutana na mifupa ya kiuno. Viungo hivyo vimefungwa kwa kano, yaani nyuzi ngumu zinazoshika mfupa na mfupa.

Mama anapopata mimba, mwili wake unatengeneza homoni zinazolegeza kano hizo, ili njia ya mtoto iweze kufunguka siku ya kuzaa. Kiungo cha mbele, ambacho kwa kawaida kina nafasi ya milimita 4 au 5, kinaweza kuongezeka milimita 2 au 3. Hilo ni jambo la kawaida. Shida inakuja pale upande mmoja unapocheza kuliko mwingine, au misuli ya tumbo, ya mgongo na ya makalio inaposhindwa kushika kile ambacho kano zimeacha kushika. Uzito wa mtoto unaongezeka, mgongo unapinda mbele, na viungo vinaanza kuuma.

Mama aliyewahi kuumwa mgongo, aliyeanguka na kuumia kiuno, au aliyepata maumivu haya katika mimba iliyotangulia yuko karibu zaidi kuyapata tena. Kazi nzito ya kila siku huongeza uchungu: kuinama shambani, kubeba mzigo mgongoni kwa kamba ya kichwani, kupanda milima yetu na gunia la mihogo.

Tuseme wazi: maumivu haya hayatoki kwa uchawi wala si adhabu ya kosa fulani. Hayamaanishi kwamba mtoto ameumia tumboni. Na mama anayeyasikia si mvivu.

Namna ya kuyatambua

Maumivu ya nyonga huja hasa mama anapotembea, anapopanda ngazi, anapogeuka kitandani, anapopanda au kushuka pikipiki, au anapotenganisha magoti. Yanaweza kuwa mbele kwenye kinena, nyuma juu ya makalio, upande mmoja au pande zote mbili, na kushuka mpaka ndani ya mapaja. Wengine wanasikia kiungo kikilia. Mara nyingi uchungu unazidi jioni baada ya kazi, na unatulia mama akipumzika.

Dalili ambazo hazingoji

Kabla ya kusema "ni nyonga tu," tuangalie kwanza. Mama aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku, kama anaona moja kati ya haya:

- damu inatoka ukeni, hata kidogo, au maji yanatoka;
- tumbo linakaza na kuachia kwa mpango kabla ya wiki 37, au limekuwa gumu na linauma bila kuachia;
- ana homa, au anasikia moto anapokojoa;
- mtoto anacheza kidogo kuliko alivyozoea, au ameacha kucheza;
- kichwa kinauma sana, macho yanaona giza au nyota, uso na mikono vinavimba;
- miguu imekufa ganzi au imekosa nguvu, au hawezi kuzuia mkojo;
- mimba ni changa, na maumivu makali ya upande mmoja yanakuja pamoja na kizunguzungu au kuzimia.

Hili la mwisho laweza kuwa mimba iliyokaa nje ya tumbo la uzazi, nayo inaua haraka. Malaria na maambukizo ya njia ya mkojo pia huanza wakati mwingine na maumivu ya kiuno, na yote mawili yanaweza kuleta uchungu wa kuzaa kabla ya wakati. Ndiyo maana kila maumivu mapya yapaswa kuelezwa kwa mkunga siku ya CPN. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akutane na watu wa afya angalau mara 8 katika mimba moja, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Asingoje mkunga amwulize; aseme mwenyewe: "Ninaumia hapa, ninapofanya hivi."

Mambo ya kufanya nyumbani

Shauri kubwa ni hili: magoti yakae pamoja, na uzito ugawanyike sawa pande zote mbili.

Kitandani, mama alale kwa ubavu, na aweke mto au kitenge kilichokunjwa katikati ya magoti. Akitaka kugeuka, abane magoti na kugeuza mabega, kiuno na miguu kwa pamoja. Kwa kuamka, ageuke kwanza kwa ubavu, ashushe miguu yote miwili, kisha ajisukume kwa mikono.

Kwa kuvaa, akae. Asisimame kwa mguu mmoja. Kwa kutembea, apige hatua fupi. Kwenye ngazi au kilima, apande pole pole, hatua kwa hatua, akitanguliza mguu usiouma. Pikipiki inamlazimisha kutawanya miguu na kurushwa kwenye mashimo ya barabara; kama kuna njia nyingine, aichague.

Kazi za mikono azifanye akiwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo: kuchambua maharagwe, kukata sombe, kupiga pasi. Kama ni lazima abebe maji, vibidoni viwili vidogo, kimoja kila mkono, ni bora kuliko kimoja kikubwa upande mmoja. Mtoto anayemfuata asimbebe juu ya kiuno cha upande mmoja.

Mshipi wa nyonga husaidia wamama wengi. Ukikosekana, kitenge imara kinaweza kufungwa kuzunguka nyonga, chini ya tumbo na si juu yake. Kishike, lakini kisikate pumzi wala kuumiza. Avue anapolala.

Kitambaa chenye maji ya moto kiasi juu ya mgongo wa chini kinatuliza misuli. Asiweke moto mkali juu ya tumbo.

Kupumzika ni vizuri, lakini kulala siku nzima kunalegeza misuli zaidi. Kutembea kidogo pale uchungu unaporuhusu ni dawa. Tena kuna mazoezi mepesi matatu ambayo mama anaweza kufanya kila siku:

1. Apige magoti na kuweka mikono chini, kama mtu anayepangusa sakafu. Apandishe mgongo juu pole pole, kisha aurudishe uwe sawa. Mara 10.
2. Akae, abane misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, ahesabu mpaka tano, aachie. Mara 10.
3. Akae na mto katikati ya magoti, aubane kidogo, ahesabu mpaka tano, aachie. Mara 10.

Zoezi likiongeza uchungu, aliache. Mahali palipo na mtaalamu wa kinezi, mama aombe kutumwa kwake. Wengi wanadhani kinezi ni kwa waliovunjika mifupa tu, kumbe ni msaada mkubwa kwa nyonga ya mama mwenye mimba.

Kuhusu dawa

Parasetamoli ndiyo dawa ya maumivu inayotangulizwa kwa mama mwenye mimba, kwa kipimo alichopewa na muuguzi, na kwa siku chache iwezekanavyo. Asinunue ibuprofeni au diklofenaki kwa sababu tu jirani alipona nazo. Dawa hizo mbili, hasa baada ya wiki 20, zinaweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji anamoogelea. Karibu na mwisho wa mimba zinaweza kufunga mapema mshipa wa damu ulio karibu na moyo wake. Mara nyingi zinauzwa bila kuulizwa swali lolote, basi mama mwenyewe aseme dukani: "Nina mimba."

Tuepuke pia dawa za mizizi zisizojulikana kipimo chake, kwa kuwa nyingine zinakaza tumbo la uzazi. Na kukandwa tumbo kwa nguvu "ili mtoto akae vizuri" ni hatari: kunaweza kuleta damu na kumwumiza mtoto. Mgongo na makalio vinaweza kukandwa polepole, tumbo liachwe.

Siku ya kuzaa

Wamama wengi wenye maumivu haya wanazaa kwa njia ya kawaida. Lakini mkunga ajue mapema. Kabla ya siku hiyo, mama alale chali na kupima ni umbali gani anaweza kutenganisha magoti bila kuumia, kisha amweleze mkunga asipitishe hapo kama hakuna haja ya lazima. Kulala kwa ubavu, au kupiga magoti na kushika kitanda, kunapunguza uchungu kuliko kulala chali na miguu imetundikwa juu.

Baada ya kuzaa, kwa wengi maumivu yanapungua katika wiki au miezi michache. Asirudi shambani na jembe wiki ya kwanza. Kama baada ya miezi mitatu bado anachechemea, si jambo la kuvumilia kimya. Arudi kwa mganga.

Sisi wengine tufanye nini?

Mama mmoja katika kikundi chetu alituambia kwamba maumivu yenyewe aliyazoea, lakini kilichomliza ni kuambiwa anajifanya. Siku mume wake alipokwenda naye CPN na kusikia maelezo kwa masikio yake, alirudi na kuchukua bidoni bila kusema neno. Majirani walimcheka siku mbili tatu, kisha wakanyamaza.

Tuanzie hapo. Mume aende CPN angalau mara moja. Mama mkwe, ambaye neno lake lina uzito nyumbani, amtetee mke wa mwana wake. Vikundi vya wamama viweke zamu ya maji na kuni kwa mwenzao aliyekaribia kuzaa. Kanisani, viti vya mbele vyenye mgongo viachiwe wenye mimba, na mwimbishaji anaposema "tusimame wote," au mchungaji anaposema "tupige magoti," aongeze kwamba mama asiyeweza akae. Atasali vile vile.

Tunafundishana kila juma kubebeana mizigo. Kwa mama huyu, mzigo ni lita 20 za maji, na kisima kiko chini ya kilima.