Klachi haishiki: mkono au pleti?

Kijana anasukuma pikipiki hadi kwa fundi, anaiegesha na kusema, "Fundi, klachi haishiki." Sentensi ni fupi na kila mtu gerejini anadhani ameielewa. Lakini huenda anamaanisha kwamba mkono wa klachi umelegea, anaubana mpaka unagusa gripu, na gia bado zinaingia kwa kelele. Mwenzake anayekuja nyuma yake na maneno yaleyale huenda anamaanisha kwamba injini inanguruma kwa nguvu zote huku pikipiki ikikataa kupanda mlima. Wa kwanza anahitaji spana na dakika chache. Wa pili pengine ataambiwa amwage oili, kava la injini lifunguliwe, na pesa ya pleti mpya itafutwe. Tena matatizo hayo mawili yako kinyume: pikipiki ya kwanza ina klachi isiyoachia, ya pili ina klachi isiyoshika.

Hapa Endagikot, wilayani Mbulu, utata huu hugharimu pesa. Fundi aliyeelewa vibaya anafungua injini ambayo haikuwa na kosa lolote, au anakaza waya ambao kuukaza ndiko kunakoimaliza klachi. Kwa hiyo istilahi hii inastahili kukaguliwa kama tunavyokagua chombo chenyewe.

Nomino haina tatizo. Klachi ni neno la kutoholewa, limekaa vizuri katika ngeli ya I-/ZI-, na hakuna anayelishangaa. Kiingereza lilikotoka, kitenzi chake kina maana ya kukamata kwa nguvu. Wajerumani, waliotawala Mbulu kabla ya Waingereza, chombo hichohicho hukiita Kupplung, yaani kiungo. Kila lugha ilichagua upande mmoja wa kazi. Sisi tungeunda neno letu tungeangukia shimo hilohilo: "kiunganishi" tayari ni mali ya walimu wa sarufi, na "kitenganishi" lingedanganya, kwa kuwa klachi ambayo haijaguswa na mtu imeunganisha, haijatenganisha. Heri tubaki na klachi. Shida yetu imo katika vitenzi.

Neno klachi halikuja na bodaboda. Malori na matrekta yalikuwa na klachi muda mrefu kabla yake, na wilaya jirani ya Hanang iliona matrekta kwa wingi kwenye mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO huko Basotu, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980. Dereva wa trekta hukanyaga klachi. Mguu unakanyaga, klachi inaachia, na hakuna anayechanganya viwili hivyo. Pikipiki ikaihamishia kazi mkononi, na kitenzi kikabadilika: shika klachi, ingiza gia, achia taratibu. Ndivyo kila mwanafunzi wa bodaboda anavyofundishwa, na tangu kanuni za mwaka 2010 ziruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, wanafunzi hao hawana idadi. Kuanzia hapo "kushika" kukawa na wenyewe wawili. Mkono ukishika, pleti zinaachia. Mkono ukiachia, pleti zinashika. Mtu akisema haishiki, ni lazima umuulize: nini hakishiki?

Tutazame ndani. Katika pikipiki nyingi za zamani zinazotembea vijijini kwetu, klachi inakaa upande wa kulia wa injini, nyuma ya kava, imeloa oili ileile inayolainisha injini. Kuna hauzingi ya nje, bakuli la chuma lenye vidole, inayozungushwa na injini. Ndani yake kuna kitovu kilichofungwa kwenye shafti ya gia. Kati ya viwili hivyo pleti zimepangwa kama chapati kwenye hotpoti, moja nene, moja nyembamba, kwa zamu. Zile nene zina gamba la msuguano na kucha zake zinaingia kwenye vidole vya hauzingi. Zile nyembamba ni chuma kitupu na meno yake yanakamata kitovu. Springi zinazikandamiza pamoja, na kwa mgandamizo huo nguvu ya injini inafika kwenye gia, kisha kwenye cheni na tairi. Ukibana mkono, waya unavuta kijiti kilicho kwenye kava, kijiti kinapunguza nguvu ya springi, na pleti zinapata nafasi ya kuteleza kila moja kivyake.

Kwa muundo huo, pleti zinaweza kukosea kwa njia mbili kubwa, na napendekeza kila moja ipewe kitenzi chake. Zinapotakiwa kushikana zikashindwa, tuseme klachi inateleza. Kitenzi hiki tayari kinatumika gerejini. Zinapotakiwa kuachana zikakataa, tuseme klachi inang'ang'ania. Kushika na kuachia tuviache kwa mkono wa dereva. Hapo mteja wa kwanza atasema, "mkono umelegea, klachi inang'ang'ania," na wa pili atasema, "klachi inateleza," na fundi atajua aanzie wapi kabla hajainama.

Dalili ya kuteleza husikika kwanza kwa masikio. Uko gia ya juu, mwendo wa wastani, unaongeza mafuta; sauti ya injini inapanda lakini mwendo haupandi nayo. Kwenye tambarare unaweza usigundue. Mwinuko ndio unaofichua, na huku miinuko haikosekani. Anayeteremsha magunia ya vitunguu saumu kwa barabara ya Magara kuelekea Mbuyu wa Mjerumani haoni kitu akishuka. Anaporudi juu na mzigo wa dukani pamoja na abiria, au mshikaki wa watu watatu, injini inalia na tairi linajivuta. Baadaye inakuja harufu ya kuungua.

Hata hapo usikimbilie pleti. Anza na waya. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na plei kidogo kabla waya haujaanza kuvuta: kwa pikipiki ndogo nyingi ni milimita 10 hadi 20, ukipima kwenye ncha ya mkono. Tumezoea kusikia plei kama ugonjwa, kwa sababu kwenye beringi ni ugonjwa kweli, lakini kwenye waya wa klachi ni afya. Waya usio na plei kabisa unakivuta kijiti muda wote, springi hazipati nafasi ya kukandamiza kikamilifu, na klachi inateleza hata kama pleti zilinunuliwa jana. Madereva wengine huukaza waya wakitaka klachi iitikie haraka, na hivyo wanazila pleti zao wenyewe.

Plei pia inatoa habari, ukijua kuisoma. Waya ukirefuka kwa uzee, plei inaongezeka na mkono unazidi kulegea. Pleti zikilika, mambo yanakwenda kinyume: rundo linakuwa jembamba, kijiti kinasogea, na plei inapungua bila mtu kugusa nati. Pikipiki ambayo kila baada ya muda inataka waya ulegezwe inakueleza kwamba pleti zinakwisha. Ile inayotaka kukazwa kila mara inalalamikia waya, na ukiuchunguza karibu na mkono mara nyingi utakuta nyuzi mbili tatu zimeshakatika.

Mshukiwa wa pili ni oili. Klachi hii inaogelea humo, kwa hiyo kinachomwagwa kwenye injini kinaigusa moja kwa moja. Oili nyingi nyepesi za magari mapya ya petroli zimewekewa viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwa gari si kosa, maana klachi yake iko nje ya injini na ni kavu. Kwa pikipiki ni sumu ya polepole, kwa kuwa pleti zinaishi kwa msuguano. Wajapani waliona tatizo hili na mwaka 1998 wakatoa viwango vyao vya oili ya pikipiki. Alama ya kutafuta kwenye dumu ni JASO MA. Iwapo pikipiki ilianza kuteleza siku chache baada ya kubadilishiwa oili, hiyo oili ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Waya ukiwa sawa na oili ikiwa sawa, ndipo kava lifunguliwe. Pleti mpya yenye gamba kwa pikipiki za aina hii huwa na unene wa karibu milimita 3, na kupungua kwa sehemu chache tu za milimita kunatosha kuimaliza. Kwa hiyo jicho halitoshi, itumike kalipa. Pleti za chuma zilizogeuka rangi ya bluu zimepata moto mkali; zilaze juu ya kioo uone kama zimepinda. Springi nazo hufupika, na fundi anayebadilisha pleti bila kupima springi amefanya nusu ya kazi.

Hapa kuna ujanja mmoja maarufu: kuweka washa chini ya kila springi ili igandamize zaidi. Siupingi kwa mtu aliyekwamia njiani kutoka Haydom jioni na anataka tu kufika nyumbani. Kama matengenezo, ni mkopo mbaya. Mkono unakuwa mgumu, waya unateseka, na washa zikizidi unene, springi inafika mwisho wa kubonyea kabla pleti hazijaachana. Klachi iliyokuwa inateleza sasa inang'ang'ania.

Kung'ang'ania kwenyewe kunajitambulisha ukisimama. Umebana mkono hadi mwisho, uko gia ya kwanza, na pikipiki bado inataka kwenda. Frii haipatikani ila ukizima injini. Gia zinaingia kwa kishindo. Mara nyingi ni waya uliolegea, na spana inamaliza. Isipomaliza, tazama vidole vya hauzingi: kucha za pleti hugonga palepale miaka nenda rudi mpaka zinachimba vijishimo, kisha pleti zinanasa humo badala ya kuteleza kwenda nje. Vijishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa. Vikiwa virefu, hauzingi imekwisha, na kuendelea kuipiga tupa ni kuongeza nafasi itakayoigongesha zaidi.

Kuna aina moja ya kung'ang'ania ambayo Mbulu inaijua kuliko Dar es Salaam. Asubuhi za Juni na Julai huku juu ni za baridi kweli, oili inakuwa nzito, na pleti zilizolala usiku kucha zinagandana. Dereva anawasha, anaingiza gia ya kwanza, pikipiki inaruka mbele na kuzima. Huo si ugonjwa na hautaki fundi. Kabla ya kuwasha, ingiza gia, bana mkono, isukume pikipiki mbele na nyuma mpaka uhisi pleti zimebanduka, kisha tafuta frii uwashe. Tatizo likiendelea hata injini ikipata moto, basi ni jambo jingine, pengine oili iliyochoka au pleti zilizopinda.

Klachi inayotetemesha pikipiki wakati wa kuondoka huwa na pleti zilizopinda, au hauzingi yenye ribiti zilizolegea. Na iwapo kona kali inabadilisha tabia ya klachi, geuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa inanguruma polepole: pikipiki ikijaribu kuondoka, waya umepitishwa vibaya na unavutwa na usukani.

Nimeshikilia pikipiki za zamani kwa sababu ya Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, ikiwa imebuniwa kwa kumfikiria mwenye pikipiki asiyemwaga oili kwa wakati, na injini yake ndiyo iliyonakiliwa na viwanda vingi vya China ambavyo pikipiki zake zilijaa Tanzania. Kwa bei ya spea hilo ni jema. Lakini nakala hazifanani zote. Pleti zinaweza kuingia bila shida huku springi zikipishana urefu, kwa hiyo chukua pleti na springi za zamani uende nazo dukani, usitaje jina la pikipiki peke yake.

Adui mkubwa wa pleti ni hafu klachi. Kwenye tope la masika, dereva anaubana mkono nusu na kuongeza mafuta, akiogopa injini isizime. Pleti zinasagana zikiwa hazijashikana wala kuachana, na moto wote unaishia kwenye gamba. Kwenye mlima wenye utelezi, abiria kushuka na kutembea hatua chache ni nafuu kuliko seti ya pleti.

Wakati wa kufunga, pleti mpya zenye gamba zilowekwe kwanza kwenye oili safi, kwa sababu zikianza kazi zikiwa kavu zinaweza kuungua mapema. Bolti za springi zikazwe kwa zamu, kwa kuvuka, ili mgandamizo uwe sawa pande zote. Oili ijazwe hadi kiwango cha kijiti cha kupimia, plei ipimwe, na pikipiki ijaribiwe mlimani ikiwa na mtu nyuma. Mteja arudi baada ya wiki moja ya kazi: pleti mpya hukaa sawa zikishatumika kidogo, plei inabadilika, na waya utahitaji kurekebishwa tena.